Gari la Zamani Linapogonga Miguu: Namna ya Kupata Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Kwa miezi minne Toyota Carina yangu iligonga kwenye mguu wa mbele wa kushoto, yaani kwenye viungo vinavyolishikilia gurudumu, kila nilipotoka nyumbani Pasua kuelekea katikati ya mji wa Moshi. Fundi wa kwanza aliinua upande ule kwa jeki, akalitikisa gurudumu mara mbili, akanyanyuka na kuniambia, "Mzee, shokapu zimekufa." Nilinunua shokapu mbili, zikafungwa, na jioni ile ile nilipovuka tuta la kwanza nikaisikia sauti ile ile, ko-ko, mahali pale pale. Fundi wa pili, wa gereji nyingine, alisema tatizo ni stelingi raki, kifaa kinachogeuza magurudumu unapozungusha usukani. Nilikuwa nimekwisha kuulizia bei yake nilipoamua kwanza kujifunza jinsi mguu wa gari unavyofanya kazi, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata tangu wakati ule, kwa gari langu na kwa magari ya majirani wanaoniomba niwasikilizie. Vifaa vyangu ni jeki, stendi mbili, mtaimbo mfupi, tochi, na mtu wa kuzungusha usukani ninapokuwa chini.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba sauti husafiri kwenye chuma. Mlio unaoanzia kwenye linki ndogo iliyo nyuma ya gurudumu hupita kwenye mwili wa gari na kusikika kana kwamba unatoka chini ya miguu ya dereva, na ule wa mauntingi ya injini, yaani raba zinazoishikilia injini, husikika kama wa raki. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kusema ni kitu gani. Swali lenye faida ni kwamba sauti hutokea lini: kwenye tuta au kwenye vijishimo vidogo, ukikata kona au ukiwa umenyooka, ukishika breki au ukiiachia, gari likitembea au likiwa limesimama. Andika majibu kwenye karatasi kabla ya kwenda gereji, kwa sababu fundi akishafungua nati ya kwanza kumbukumbu huanza kuchanganyika.

Anza na vitu visivyogharimu chochote. Toa kila kitu kwenye buti, pamoja na jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba, kisha endesha tena kwenye barabara ile ile. Nimewahi kumwona mtu akitaka kubadilisha bushi za nyuma, yaani raba za viungo vya mguu, kwa ajili ya jeki iliyolegea kwenye kishikio chake. Halafu kaza nati za magurudumu yote, hasa kama juzi uliziba pancha, kwa sababu nati zilizolegea hugonga kama bolijointi (kiungo cha mguu chenye kichwa cha mviringo) iliyokufa, na gurudumu linaweza kuchomoka. Katika magari mengi madogo ya Toyota nati hizo hukazwa kwa takriban nyutonimita 103, yaani nguvu za mtu mzima kwenye spana ya kawaida bila kuipanda kwa miguu. Pima pia upepo. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva katika magari yaliyotoka Japani huandika kipimo kwa kPa, ilhali pampu zetu nyingi husoma kwa PSI. 220 kPa ni sawa na 32 PSI. Mwisho pitisha kiganja kuzunguka tairi lote ukitafuta uvimbe, kwa kuwa tairi lililokatika nyuzi za ndani hutoa sauti ya dup-dup inayoongezeka kasi pamoja na gari, na hakuna spea ya mguu itakayoiondoa.

Ukishamaliza hayo, tafuta njia ya kufanyia majaribio. Hapa kwetu zimejaa. Barabara kuu ya kwenda Arusha ina matuta mapana yanayoinua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, na ukichepuka kwenda kwenye mitaa ya vumbi unapata mashimo yanayolikamata gurudumu moja moja. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo iliyonifungulia macho.

Kati ya miguu miwili ya mbele kuna fimbo ya chuma iitwayo stabilaiza, ambayo kazi yake ni kulizuia gari lisilalie upande mmoja kwenye kona. Kila mwisho wa fimbo hiyo umeshikwa na linki fupi yenye kijibolijointi juu na chini. Magurudumu yote mawili yanapopanda tuta kwa wakati mmoja, fimbo huzunguka tu kwenye bushi zake bila kujisokota, na linki hazibebi mzigo wa maana. Gurudumu moja likiingia shimoni huku la pili likibaki juu, fimbo hujisokota na linki huvutwa na kusukumwa kwa nguvu. Basi, vuka tuta pana ukiwa umenyooka kabisa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha vuka tuta lile lile kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia. Sauti ikikosekana mara ya kwanza na kutokea mara ya pili, ikiwa nyepesi na ya haraka kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole, shuku linki au bushi za stabilaiza kabla ya kitu kingine chochote.

Carina yangu ilikuwa kimya kwenye tuta lililonyooka na ikagonga kwenye tuta la mshazari. Nilijiuliza kwa nini mafundi wawili hawakuiona linki, na jibu likawa jeki yenyewe. Ukiinua upande mmoja, gurudumu lile hushuka na kuning'inia ilhali la pili liko juu, fimbo hujisokota, na linki hukazwa na mvutano huo hata ikiwa imelika kabisa. Ukiishika haichezi, nawe unasema ni nzima. Linki hupimwa pande zote mbili zikiwa na kimo kimoja, ama gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, ama mbele yote ikiwa juu ya stendi mbili. Nilikata usukani hadi mwisho upande wa kulia ili nafasi ipatikane nyuma ya gurudumu la kushoto, nikaingiza mkono, nikaishika linki kwa vidole na kuitikisa mbele na nyuma. Iligonga kiganjani mwangu, ko-ko, ikiwa na raba yake nzima isiyo na mpasuko wowote. Kwa uhakika zaidi niliifungua, nikaifunga fimbo kwa waya isiguse kitu, nikaendesha polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya. Bei ya linki hailingani hata kidogo na ya shokapu mbili, achilia mbali raki. Anayefanya jaribio hili aendeshe taratibu, kwa sababu gari lisilo na linki hulala sana kwenye kona.

Sauti nzito inayogonga mara moja tu, gu, unaposhika breki, na mara moja tena unapoondoka, ina asili nyingine. Hapo kitu kizito kinasogea mbele na nyuma, na mara nyingi ni mkono wa chini wa mguu, ambao mafundi huuita loa amu. Mkono huo umeshikwa na bushi mbili za raba, na bushi ya nyuma, iliyo kubwa zaidi, ndiyo inayobeba nguvu ya breki. Gari linalopanda na kushuka kati ya Himo na Marangu Mtoni kila siku huichosha bushi hiyo mapema, maana mteremko mzima dereva yuko kwenye breki. Mulika kwa tochi: nyufa ndogo za juu juu kwenye raba ya zamani ni kawaida, lakini ufa unaopita hadi kwenye chuma cha kati, au chuma cha kati kilichoegemea upande mmoja, ni bushi iliyokwisha. Mtaimbo ukiupenyeza na kuusukuma taratibu utaona bushi nzima ikinyumbulika kidogo na kurudi. Iliyokufa huachia mkono usogee kwa mlio unaosikika.

Kabla ya kuihukumu bushi, hata hivyo, ipe nafasi injini ijitetee. Fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki kikamilifu, aweke gia ya mbele kisha ya kurudi nyuma kama gari ni otomatiki, huku wewe umesimama pembeni na si mbele ya gari. Injini ikiruka na sauti ile ile ikatokea, mauntingi ndiyo yenye kosa. Kuna pia sauti ya vijishimo vidogo ambayo hupotea pale unapogusa breki kwa wepesi bila kupunguza mwendo. Hizo ni padi za breki zinazocheza ndani ya kalipa, kifaa kinachozibana kwenye diski, kwa kawaida kwa sababu vibanio vyake vidogo vya bati vilitupwa siku padi zilipobadilishwa.

Sasa inua gari. Tafuta mahali tambarare, na kwa jamaa wa Kibosho na Machame ninajua si jambo rahisi, lakini ni heri uende hadi uwanja wa jirani kuliko kufanya kazi hii kwenye uwanja wa mteremko. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, na usiingize kichwa wala kifua chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi ni lazima.

Lishike gurudumu juu na chini, ulisukume juu huku ukilivuta chini, kisha kinyume chake. (Vitabu vya Kiingereza hutumia saa ya ukutani kueleza sehemu za kushika, jambo linalotuchanganya sisi tunaohesabu saa kwa namna nyingine, kwa hiyo nasema tu juu na chini.) Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na ulitikise tena. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo iliyolegea, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na hab yake (kitovu linapofungwa) pamoja. Mchezo ukibaki, tazama bolijointi. Kisha lishike kushoto na kulia. Mchezo wa upande huu ni wa tairodi endi au raki endi, viungo viwili vya fimbo inayotoka kwenye raki kwenda gurudumuni. Tairodi endi iko nje na unaiona ikicheza kwa macho. Raki endi imejificha ndani ya raba yenye mikunjo. Ibane raba hiyo kwa vidole huku msaidizi akilitikisa gurudumu, na utausikia mlio wa chuma chini ya vidole vyako.

Bolijointi inataka uangalifu zaidi. Katika magari mengi madogo, ambayo springi imezungushiwa shokapu, gurudumu likiwa juu bolijointi haina mzigo, hivyo unaweza kupenyeza mtaimbo chini ya tairi na kuinua kidogo huku mwenzako akiangalia kiungo. Lakini katika magari yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, kama pikapu nyingi na magari ya kubebea abiria, jeki iwekwe chini ya mkono ule unaobebeshwa springi au fimbo ya kusokotwa, la sivyo nguvu ya springi itaibana bolijointi na itaonekana nzima. Bolijointi inayocheza si ya kusubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, gurudumu hulala chini ya bawa na gari halikati kona tena, wala hakuna ustadi wa dereva unaoweza kusaidia wakati huo. Ukiikuta hivyo, gari lisitembee mpaka ibadilishwe.

Upande wa kushoto huchakaa kwanza katika magari mengi ninayoyatazama. Tunaendesha kushoto, na ukingo wa lami ndiyo unaomomonyoka, hasa baada ya masika. Kila unapompisha mwenzio gurudumu la kushoto ndilo linalotua kwenye changarawe. Vumbi letu laini nalo hupenya raba iliyopasuka na kuchanganyika na grisi mpaka ikawa kama msasa. Kwa hiyo raba ya kiungo ikipasuka, hata kama kiungo bado hakichezi, mwisho wake umekwisha kuanza.

Kwenye usukani, anza na kupima uhuru wake. Magurudumu yakiwa yamenyooka na injini ikiwaka kama gari lina pawa stelingi, uzungushe usukani kidogo kushoto na kulia kwa kidole na uangalie unakwenda umbali gani kabla magurudumu hayajaanza kusogea. Kipimo cha juu ambacho Toyota huweka kwa magari yake mengi ni milimita 30 kwenye ukingo wa usukani, takriban upana wa vidole viwili, na gari lisilo na kasoro huwa chini ya hapo. Ukizidi, mtu aendelee kuutikisa huku wewe ukifuata mnyororo kwa mkono na tochi: kiungo cha fimbo ya usukani karibu na miguu ya dereva, raba zinazoshikilia raki, raki endi, tairodi endi. Pale ambapo upande mmoja wa kiungo unatikisika na wa pili umetulia, ndipo penye kosa. Raki yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa, kwa kuwa ni ghali na kwa kuwa raba zake zilizolegea huigiza kifo chake kwa ukamilifu.

Usukani ukigonga au ukiruka gari likiwa limesimama, weka kiganja juu ya springi ya mbele kwa upande wa nje, usiingize vidole kati ya mizunguko yake, na mwenzio azungushe usukani polepole. Springi nzuri huzunguka kwa utulivu. Ile ambayo beringi ya mauntingi yake ya juu imekwama hujikaza, kisha huruka ghafla na kutoa mlio kama wa uzi wa gita, na kiganja chako kitasukumwa. Gari la namna hiyo pia usukani wake haurudi wenyewe baada ya kona.

Uzito wa usukani una sababu nyingi, na ya kwanza ni upepo mdogo. Katika gari lenye pampu ya usukani, angalia kiwango cha mafuta na kifuniko chake kinachotaja aina. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutumia mafuta ya gia otomatiki ya Dexron. Mafuta yenye povu yameingiwa na hewa, na mkanda unaolia ukikata usukani hadi mwisho umelegea au umelika. Usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwa maana pampu huchemka. Toyota Vitz na IST hazina mafuta hayo kabisa, kwa sababu usukani wake husaidiwa na mota ya umeme. Hapo tazama taa ya onyo kwenye dashibodi na hali ya betri.

Gari linalovuta upande halihitaji alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu kwa mashine, moja kwa moja. Barabara zetu huinamia kushoto ili maji yatiririke, kwa hiyo kuvuta kidogo kushoto ni kazi ya barabara. Lijaribu mahali tambarare, kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia: gari likianza kuvuta upande wa pili, tairi ndilo lenye kosa. Likibaki vilevile, endesha kwa dakika ishirini bila kutumia breki sana, simama, na ukaribishe mkono kwenye rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko mwenzake, kalipa imekwama na padi inasugua diski muda wote. Alaimenti inafuata baada ya hayo.

Mtetemo wa usukani kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kwenye lami iliyonyooka, kwa kawaida ni balansi ya magurudumu. Ukitokea unaposhika breki tu, tazama diski. Mvumo unaopanda pamoja na mwendo ni beringi, na ili kujua ya upande gani tumia kipilefti, kwa mfano cha mnara wa saa pale mjini Moshi, muda ambao hakuna foleni: gari linazunguka kwa kukata kulia, uzito unahamia kushoto, na mvumo ukizidi hapo, mara nyingi beringi ya kushoto ndiyo inayolia. Sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, yenyewe haivumi. Hutoa ta-ta-ta ukiondoka huku umekata usukani hadi mwisho.

Shokapu nazo hufa kweli, sikatai. Ikandamize kona ya gari kwa uzito wako wote na uachie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu hivi, imechoka. Mafuta yaliyochuruzika na kushika vumbi mwilini mwake ni ushahidi wa pili. Lakini shokapu iliyochoka hulifanya gari liyumbe kuliko kulifanya ligonge, na ikigonga baada ya kufungwa mpya, kwanza kagua nati yake ya juu chini ya boneti.

Siku ya kubadilisha, kaa karibu na fundi wako na umwombe mambo matatu kwa heshima. La kwanza ndilo linalonisikitisha zaidi kuliona likipuuzwa: boliti zinazopita katikati ya bushi za loa amu zikazwe kikamilifu wakati gari limekalia magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, raba hufungwa ikiwa imesokotwa, na gari likishushwa hubaki ikivutwa usiku na mchana mpaka ichanike, kisha spea hulaumiwa kuwa feki. Zikamatwe kwa mkono, gari lishushwe, litikiswe mara mbili tatu, ndipo zikazwe. La pili, kabla ya kuitoa tairodi endi, ahesabu mizunguko yake na aweke mpya kwa idadi ile ile, ili gari liweze kufika penye mashine ya alaimenti bila kula matairi njiani. La tatu, nati ya bolijointi irudishiwe pini yake mpya, si kipande cha waya wala msumari uliokunjwa.

Baada ya wiki moja pita tena na spana kwenye nati zote zilizofunguliwa, kisha rudia njia ile ile ya majaribio, tuta lililonyooka kwanza na la mshazari baadaye, madirisha yakiwa wazi na redio ikiwa imezimwa.